Wasia wa Mwislamu: Haki ya Warithi na Wema kwa Jamaa

Ndugu msomaji, sala tumeamrishwa mara nyingi katika Kurani Tukufu, lakini hesabu ya rakaa zake tumeipata kwa Mtukufu Mtume s.a.w. Zaka nayo tumeamrishwa, lakini vipimo vyake tumevipata katika Sunna. Ama mafungu ya warithi, yaani nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, Mwenyezi Mungu ameyataja Mwenyewe katika Sura An-Nisaa. Hakumwachia mfalme, wala kadhi, wala wazee wa ukoo kuyapanga.

Pamoja na ubainifu huo, Waislamu wengi hufariki bila ya kuacha hata karatasi moja. Madeni hayajulikani, mipaka ya shamba haijulikani, mahari ya mke haijulikani kama imelipwa. Kabla ya arobaini kwisha ndugu wa tumbo moja hawasalimiani, na mjane aambiwa afungashe vyombo vyake. Kwa yule aliyeingia katika Islam juzi, na ambaye wazazi na ndugu zake wangali katika dini nyingine, hatari ni kubwa zaidi, maana watakaokaa kuigawa mali yake huenda hawaijui sheria aliyoichagua. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni hili: Mwenyezi Mungu amekwisha kuyagawa mafungu ya warithi, lakini yako mambo aliyokuachia wewe uyatengeneze kwa mkono wako ungali hai, na ukiyaacha, hakuna atakayeweza kuyatengeneza vyema badala yako.

MPANGO WA MALI YA MAREHEMU

Mtu akifariki, mali yake haigawanywi mara moja. Hufuata daraja nne:

1. Gharama za sanda na mazishi, kwa kiasi cha wastani bila ya israfu.

2. Madeni yake yote. Hapa watu husahau kwamba mahari ambayo mke hajalipwa ni deni kama madeni mengine. Mjane hulipwa mahari yake kwanza kwa kuwa ni mdai, kisha hupata fungu lake kwa kuwa ni mrithi.

3. Wasia wake, usiopita theluthi ya kilichobaki.

4. Mafungu ya warithi.

Katika aya za mirathi (4:12-13, kwa hesabu inayoifanya Bismillahi kuwa aya ya kwanza), Kurani Tukufu inakariri mara baada ya mara kwamba mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Mrithi anayeuza ng'ombe wa marehemu kabla ya wadai kulipwa anakula mali isiyokuwa yake.

Tena yafaa ifahamike kwamba kilicho cha mke ni cha mke. Cherehani aliyoinunua kwa fedha zake, dhahabu aliyopewa, kiwanja alichokinunua kwa biashara yake, hivyo si mirathi ya mume hata kidogo. Mume mwadilifu huviandika ili kesho asiyejua asivitie katika hesabu.

MJANE WA SAAD BIN RABI

Msomaji anayeichungua Islam huenda akauliza: Kwa nini mafungu haya yakafaradhishwa? Jibu lapatikana katika kisa kimoja kilichopokewa katika vitabu vya hadithi.

Seyidna Saad bin Rabi r.a. aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijriya. Aliacha mke na mabinti wawili. Kwa desturi ya Waarabu wa zamani mali ilikuwa ya wanaume waliobeba silaha. Basi ndugu yake marehemu akaichukua yote. Mjane akaja na mabinti zake kwa Mtukufu Mtume s.a.w., akaeleza kwamba baba yao amekufa shahidi, ami yao amechukua kila kitu, na mabinti hawa hawataolewa wakiwa hawana mali. Zikateremka aya za mirathi. Mtume s.a.w. akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na kilichobaki ndicho chake.

Basi sheria hii ilianza kutekelezwa kwa kumnyang'anya mwanamume mwenye nguvu na kumrudishia mjane na yatima. Mahali popote ambapo wazee husema kwamba mwanamke harithi ardhi, wanarudia kosa la ami yule, hata kama wanasali sala tano.

Wengine huuliza mbona binti apata nusu ya fungu la kaka yake. Kaka ana wajibu wa kutoa mahari aoapo, na kumlisha, kumvika na kumpa nyumba mkewe na watoto wake. Dada hana wajibu huo. Fungu lake ni lake peke yake, na mumewe hana haki ya kuligusa. Wala si kweli kwamba mwanamke hupata nusu daima. Marehemu akiacha watoto wa kiume na wazazi, baba na mama hupata sudusi sawasawa. Kadhalika ndugu wa mama mmoja, wa kiume na wa kike, hugawana sawa.

KIPIMO CHA THELUTHI

Seyidna Saad bin Abi Waqqas r.a. aliugua sana huko Makka wakati wa Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijriya. Mtukufu Mtume s.a.w. alipokwenda kumtazama, Saad alisema kwamba ana mali na hana mrithi ila binti mmoja. Je, atoe sadaka theluthi mbili? Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Theluthi? Akaruhusiwa, na akaambiwa kwamba hata theluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono.

Angalia yaliyofuata. Saad hakufa kwa ugonjwa ule. Aliishi zaidi ya miaka 40 baada yake, akaongoza jeshi la Waislamu katika Iraki, na akapata watoto wengine wengi. Kama angalitoa mali yake yote siku ile kwa kudhani kwamba amefika mwisho, angaliwadhulumu watu ambao hata hakuwa amewajua. Mwanadamu hajui atakufa lini wala ataacha nani. Ndiyo maana akawekewa mpaka.

Mpaka wa pili ni kwamba hakuna wasia kwa mrithi. Anayerithi kwa fungu lililotajwa hapewi tena kwa wasia, isipokuwa warithi wenzake wakikubali baada ya kifo. Kwa hiyo haifai kuandika kwamba mwanangu fulani apate nyumba yote kwa kuwa alinitunza, na wengine wagawane vyombo.

Mpaka huu wa theluthi umeshikwa hata katika mpango wa Wasia ulioanzishwa na Seyidna Ahmad a.s. wa Qadian katika kitabu chake Al-Wasiyyat cha Desemba 1905. Anayejiunga huahidi kwa kazi ya dini sehemu ya mali yake, kuanzia moja ya kumi mpaka theluthi, na zaidi ya hapo haruhusiwi. Ikiwa hata kazi ya kueneza dini haikuruhusiwa kuvunja haki za watoto na wajane, ni sababu gani nyingine itakayoruhusiwa?

WAZAZI NA JAMAA WASIO WAISLAMU

Sasa tufike penye jambo linalowahusu hasa ndugu zetu walioingia Islam hivi karibuni. Katika hadithi iliyopokewa na Usama bin Zaid r.a., iliyomo katika Bukhari na Muslim, imeelezwa kwamba Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. Mwongofu mpya akisikia hivyo hushtuka: Je, mama yangu aliyenizaa na kunisomesha asipate kitu kwa kuwa hajasilimu?

Katika Sura Al-Baqara (2:181) Mwenyezi Mungu amemfaradhishia mwenye mali awausie kwa wema wazazi na jamaa wa karibu mauti yanapomfikia. Wako wanavyuoni waliosema kwamba aya hii imefutwa na aya za mirathi, kwa kuwa wazazi wamekwisha kupewa mafungu. Sisi tunaamini kwamba hakuna aya ya Kurani Tukufu iliyofutwa, na hapa hekima ya imani hiyo inaonekana waziwazi. Wako wazazi na jamaa wasiokuwa na fungu: mama ambaye hajasilimu, mjukuu yatima aliyefiwa na baba yake wakati ami zake wangali hai, shangazi mzee asiye na mtu. Aya za mirathi hazikuwapa kitu. Aya ya wasia inawafungulia mlango. Basi aya hizi mbili hazipigani. Moja inafunga mlango wa dhuluma na ya pili inafungua mlango wa wema.

Imepokewa kwamba Bibi Safiyya r.a., mkewe Mtukufu Mtume s.a.w., ambaye asili yake ni katika Mayahudi, alimwusia sehemu ya mali yake jamaa yake aliyebaki katika dini ya Kiyahudi. Naye Bibi Asma binti Abubakar r.a. alipojiwa na mama yake ambaye alikuwa mshirikina, aliruhusiwa na Mtume s.a.w. kumtendea wema. Ama mjukuu yatima, Misri ilitunga sheria Na. 71 ya mwaka 1946 inayomtolea fungu katika theluthi ya wasia, hata kama babu yake alisahau kumwandika. Lakini nchi nyingi hazina sheria hiyo. Katika nchi hizo babu akinyamaza, yatima amekosa.

TUFANYE HESABU

Tuseme mtu aliyesilimu amefariki. Ameacha mke, mwana mmoja na mabinti wawili, wote Waislamu, na mama mzazi ambaye ni Mkristo. Baba yake alikwisha kufa. Mali yake yote ina thamani ya shilingi 32,000,000.

Mazishi na gharama zake ni shilingi 800,000. Madeni, pamoja na mahari ya mke, ni shilingi 2,400,000. Zabaki shilingi 28,800,000. Theluthi yake ni shilingi 9,600,000. Huo ndio mwisho wa wasia.

Marehemu aliandika kwamba mama yake apewe sudusi, yaani kiasi kile kile ambacho angalirithi kama angalikuwa Mwislamu. Hiyo ni shilingi 4,800,000, na haikupita theluthi. Zabaki shilingi 24,000,000 kwa warithi. Mke hupata thumni, kwa kuwa kuna watoto: shilingi 3,000,000. Shilingi 21,000,000 zinazosalia hufanywa mafungu manne, mwana mawili na kila binti moja: mwana shilingi 10,500,000 na kila binti shilingi 5,250,000.

Sasa fikiri kama asingaliandika. Mama mzee angalirudi kijijini mikono mitupu, na jamaa wote wangalisema kwamba Islam imemfundisha mtoto wao kumtupa mama yake. Mistari miwili ya wino ingalizuia fitina hiyo.

Na ikiwa mali ni nyumba moja isiyogawanyika, warithi wana njia tatu: waiuze wagawane fedha, au mmoja awanunue wenzake mafungu yao, au waipangishe na kugawana kodi kwa kadiri ya mafungu. Haifai mmoja kujifungia ndani akasema yeye ndiye mkubwa.

HIBA NA WAKFU

Mtu anayo ruhusa ya kugawa mali yake angali hai na mwenye afya. Hiyo ni hiba, na hutimia kwa kukabidhi, si kwa kutamka tu. Lakini Bashir r.a. alipotaka kumpa mwanawe Nuuman zawadi na kumfanya Mtukufu Mtume s.a.w. shahidi, aliulizwa kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema hapana, Mtume s.a.w. alikataa kushuhudia. Nayo hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia; haipiti theluthi.

Wakfu ni kuifunga mali asili isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake yatumike katika wema. Seyidna Umar r.a. alipopata ardhi nzuri huko Khaibar, aliifanya wakfu kwa shauri la Mtukufu Mtume s.a.w.: matunda yaende kwa maskini, jamaa, kukomboa watumwa, wageni na wasafiri, naye msimamizi aruhusiwe kula kwa wastani bila ya kujilimbikizia. Baadaye usimamizi ulikuwa mikononi mwa binti yake, Bibi Hafsa r.a. Basi jamaa hawakusahauliwa katika wakfu, na mwanamke alikabidhiwa kuusimamia.

Lakini mlango huu mwema umetumiwa vibaya pia. Wako waliofanya nyumba na mashamba kuwa wakfu kwa wana wa kiume na wajukuu wao tu, ili mabinti wasipate mafungu yao. Na hata penye nia safi, baada ya vizazi vitatu au vine wenye haki huwa wengi mno, kila mmoja akingojea senti chache, na hakuna anayetengeneza paa. Katika Bara Hindi, Baraza la Faragha la London liliamua mwaka 1894 kwamba wakfu wa familia, ambao maskini hupata mwisho kabisa kizazi kikikatika, si wakfu halali. Waislamu walilalamika, na kwa juhudi za Muhammad Ali Jinnah ikapatikana sheria ya mwaka 1913 iliyourudishia uhalali. Misri kwa upande wake iliondoa wakfu wa familia mwaka 1952. Funzo ni hili: anayefanya wakfu kwa jamaa zake aanze kwa kuchunga mafungu ya warithi, amweke msimamizi mwaminifu mwenye kutoa hesabu, na atenge fedha za matengenezo.

SHERIA ZA NCHI ZETU

Haitoshi kuijua sheria ya dini. Yapasa kujua mlango wa kuitekeleza. Katika Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi uwezo katika mambo ya mirathi pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wanaikubali mahakama hiyo. Mwongofu ambaye jamaa zake si Waislamu akumbuke sharti hilo. Zanzibar zipo mahakama za kadhi, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Katika Tanzania Bara mirathi ya Mwislamu husikilizwa katika mahakama za kawaida za serikali, na panapotokea ubishi kama itumike sheria ya Kiislamu au mila ya kabila, mahakama huangalia jinsi marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha.

Kwa hiyo, ewe uliyesilimu, usiwaachie watu wabishane juu ya nia yako. Iandike.

JINSI YA KUANDIKA

Imepokewa kwa Abdullah bin Umar r.a. kwamba haimfai Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Basi andika haya:

1. Jina lako kamili, jina ulilokuwa nalo kabla ya kusilimu kama limo katika hati za shamba au benki, tarehe, na kwamba wewe ni Mwislamu na unataka mali yako igawanywe kwa sheria ya Kiislamu.

2. Madeni unayodaiwa na unayodai, pamoja na mahari, na amana za watu zilizo kwako.

3. Orodha ya mali na mahali hati zilipo, na vilivyo vya mke wako vitajwe kuwa ni vyake.

4. Watu unaowausia katika theluthi, na kiasi cha kila mmoja. Taja kwa sehemu, kama sudusi au moja ya kumi, kwa sababu thamani ya fedha hubadilika.

5. Wasii atakayetekeleza, na mtu atakayetunza mali ya watoto mpaka wapevuke. Kurani Tukufu (4:7) imeamrisha yatima wakabidhiwe mali yao mbele ya mashahidi. Basi chagua mtu asiyeogopa kuulizwa hesabu.

6. Saini yako na za mashahidi wawili waadilifu, wasiokuwa miongoni mwa wanaopewa kitu. Tena uliza katika nchi yako kama sheria inataka zaidi ya hayo.

Weka nakala kwa mtu mwaminifu. Katika Tanzania Bara, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) hupokea na kuhifadhi wasia. Usomwe upya kila hali inapobadilika: mtoto akizaliwa, ukioa, ukiuza shamba.

Nanyi mtakaokabidhiwa wasia wa wengine, kumbukeni kwamba anayeubadili baada ya kuusikia amejibebesha dhambi (2:182). Lakini anayeona kwamba mwenye kuusia amepotoka, akawapatanisha, hana dhambi (2:183). Kumwambia mzee kwa adabu kwamba wasia wake unamdhulumu binti yake ni kumwokoa.

Ndugu msomaji, uandishi wa wasia hauharakishi mauti, wala kuuahirisha hakuyacheleweshi. Jioni hii keti na mkeo, mhesabu madeni, na mwandike mstari wa kwanza. Mwenyezi Mungu atujalie kuondoka duniani bila ya haki ya mtu shingoni mwetu, na awajalie wale tutakaowaacha waendelee kula sahani moja. Amin.